Hapa Hakuna Pole

Tulimzika Mwalimu Wawira kwao Embu, upande wa Runyenjes, siku ya mvua, na kila aliyesimama kuzungumza alisema kitu kimoja: kwamba alikuwa mwanamke wa huruma. Mchungaji alisema huruma. Mwakilishi wa walimu wastaafu alisema huruma. Bwana aliyeshika maiki, ambaye nadhani hakuwahi kukutana naye, alimwita "mama wa wale watoto wasiojiweza," na watu wakaguna chini ya hema kwa kukubali. Mimi nilipewa dakika mbili. Nikasimama nikasema, "Mwalimu hakuwa na huruma. Alikuwa na hasira, na hasira yake ndiyo iliyonifanya baba." Nikaona watu wa familia wakitazamana, na kabla sijamaliza sentensi ya tatu maiki ilikuwa imechukuliwa na kwaya imeanza kuimba. Sikugombana nao. Maziko si mahali pa kugombana. Lakini tulipokuwa tukirudi Meru niliamua kwamba nikinyamaza, atakuwa amezikwa mara mbili, kwanza kwa udongo na pili kwa neno lisilokuwa lake. Basi nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliomfahamu, na atakayeona kwamba naeleza vibaya na aandike wake.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa fundi wa kuandika mabango, na kibanda changu kilikuwa nyuma ya steji ya matatu mjini Meru, katikati ya fundi wa redio na mama wa chapati. Enzi hizo, ukimwona ng'ombe aliyechorwa kwenye ukuta wa bucha yoyote kati ya Meru na Nkubu, huenda ni wangu. Walikuwa na macho ya huzuni na wateja walilalamika, lakini sikuweza kuwachora vingine. Mke wangu Karimi alishona sare za shule. Binti yetu Kendi alikuwa na miaka sita na hakuwa amesema neno hata moja. Alichopenda ni kupanga vitu: vifuniko vya mikebe yangu ya rangi, vifungo vya mama yake, maharagwe kabla hayajapikwa, vyote kwa mstari ulionyooka kuliko mstari wangu wa chaki. Ukiuvuruga alilia mpaka sauti ikaisha. Januari tulimpeleka nasari, na siku ya tatu mwalimu mkuu alituita, akatuambia kwa upole mwingi sana, "Mrudisheni akianza kuongea." Kanisani, maiki ilipotoa ule mlio wake, Kendi alitoa mlio wake pia, na mzee wa mlangoni akamnong'oneza Karimi kwamba nje kuna benchi, kuna kivuli, atasikia mahubiri vizuri tu. Kuanzia siku hiyo Karimi na Kendi waliketi nje. Mimi niliketi ndani. Naandika hili bila kulipamba: mke wangu na mtoto wangu walikuwa nje ya ukuta, na mimi nilikuwa ndani, nimeshika kitabu cha nyimbo, naimba.

Hospitalini daktari mmoja wa kike, kijana kuliko mimi, alimtazama Kendi kwa muda mrefu akipanga vijiti vya kuangalia koo, halafu akatupa neno ambalo hatukuwahi kulisikia. Usonji. Alisema hauambukizi, si laana ya mtu yeyote, wala hauna dawa, kwa sababu si ugonjwa. Ndivyo Kendi alivyoumbwa. "Basi tufanye nini?" Karimi akauliza. Daktari akaandika kwenye kikaratasi: Mwalimu Wawira, kinu cha zamani cha posho, Jumamosi asubuhi. Nilitia kikaratasi hicho mfukoni na sikuenda. Nilimwambia Karimi kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuingia kwenye chumba ambacho watu wakikuona umeingia wanajua una nini nyumbani.

Aprili, siku ya katikati ya juma, Karimi alikuwa na vitambaa vya kuchukua dukani akaniachia Kendi kibandani. Alikuwa ameketi sakafuni na vifuniko vyake, ametulia kabisa, akitoa ile sauti yake ndogo kama ya kuni mbichi zikishika moto. Akaja mteja, mwenye bucha mpya ya kwenda Makutano. Tulikuwa tunaelewana kuhusu ng'ombe, awe mweupe au wa madoa, alipomtazama Kendi akaniuliza, "Huyu mtoto ana nini? Ni wako?" Sikufikiri. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni tayari, sijui tangu lini. "Ni wa jirani," nikasema. "Nimewekewa tu." Nilipogeuka kuchukua brashi nikamwona Karimi amesimama nyuma yangu na chupa ya chai mkononi. Aliweka chupa chini, akakusanya vifuniko kimoja kimoja bila kuharibu mpangilio wake, akamshika Kendi mkono. "Twende," akamwambia, "mtoto wa jirani."

Hakunigombeza. Ningetamani angenigombeza. Jioni alipika mukimo, akanipakulia, akaketi akala. Asubuhi aliniuliza, "Jirani, utaoga?" Siku iliyofuata: "Jirani, chumvi imeisha." Aliniita hivyo bila kicheko wala chuki, kama mtu aliyejifunza jina jipya na anataka kulikumbuka. Usiku alilala upande wa Kendi. Ijumaa, nikiwa navua viatu, akasema, "Jirani, kesho nampeleka mtoto wangu kwa yule mwalimu. Wewe si lazima uje, maana hayakuhusu." Nilimwambia nitakuja. "Kama nani?" akauliza. Nilivua kiatu cha pili nikakiweka karibu na cha kwanza, nikakaa pale ukingoni mwa kitanda.

Kinu chenyewe kilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya kanisa lingine, si letu. Mashine ilikuwa imeng'olewa zamani, lakini unga ulibaki kwenye mbao za paa na kwenye nyufa za ukuta, na upepo ukivuma ulidondoka taratibu juu ya nywele zetu. Chumba kilinukia mahindi. Ndani kulikuwa na familia tisa, watoto wa kila umri. Mmoja alikuwa anazunguka, mmoja amejifunika gunia, na msichana mmoja mrefu, Purity, alikuwa anatangaza matangazo ya vifo kwa sauti safi kabisa ya redio: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu." Mama yake, aliyefanya kazi kwenye shamba la maua huko Timau na hakuvua sweta hata jua likiwaka, alikuwa akimsuka nywele na kuitikia, "Pole kwa familia," kama mtu anayesikiliza redio kwelikweli. Mimi nilikuwa mwanamume pekee. Nikaona nimsalimie mama aliyekuwa karibu nami, ambaye mtoto wake alikuwa anajigonga kichwa kwenye mto aliowekewa ukutani. "Pole sana, mama," nikamwambia.

"Wewe." Sauti ilitoka mwisho wa chumba. Mwanamke mrefu, amevaa koti la kiume na gambuti, akanijia akiwa ameshika kisu cha kumenyea ndizi. "Umesema nini?"

"Nimesema pole."

"Amefiwa?"

"Hapana."

"Ameibiwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hapa hakuna pole. Toka nje, uingie tena, umsalimie kama mtu."

Nilitoka nje. Karimi alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikaona pembe ya mdomo wake imesogea. Niliingia tena, nikamwambia yule mama hamjambo, akasema hatujambo, na Mwalimu akanikabidhi kisu na beseni la ndizi mbichi.

Siku hizi watu huniuliza kile chumba kilikuwa kinafanya nini hasa, kama ni tiba au shule. Ninachokumbuka zaidi ni chakula. Githeri yenye parachichi, ndizi za kuchemsha, uji wa wimbi kwenye vikombe vya plastiki. Kikombe cha kila mtoto kilikuwa na rangi yake na ole wako ukibadilisha. Mwalimu alileta kunde za kwao, walizoziita nthoroko, akasisitiza kwamba watu wa Meru hawajui kupika, na Mama Purity akasema watu wa Embu hawajui kunyamaza. Wakati wa kula, hakuna mtoto aliyeambiwa keti. Waliokula wakitembea walikula wakitembea. Na baada ya kula kulikuwa na kazi za mikono, kwa sababu Mwalimu alikuwa amefundisha sanaa miaka mingi na aliamini mikono ina akili yake. Kulikuwa na udongo wa mfinyanzi, kulikuwa na ngoma mbili, na kulikuwa na magome makavu ya migomba, ambayo muuza ndizi mmoja aitwaye Nkatha alituletea kutoka Mitunguu kila alipokuja na mzigo sokoni.

Kendi alishika gome la mgomba Jumamosi ile ya kwanza, na kwangu mimi hiyo ndiyo siku alipozungumza, ingawa hakusema kitu. Alilichana kwa ukucha. Akalichana tena. Alipata nyuzi nyembamba sana, zote upana mmoja, halafu akazipanga kwa rangi: nyeupe, rangi ya maziwa, chai ya maziwa, chai ya rangi, kahawa, nyeusi. Mimi nilikuwa nimechanganya rangi kwa miaka kumi na sikuwahi kujua gome la mgomba lina rangi zote hizo. Mwalimu alichutama kando yake kwa muda, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mtoto ametoa wapi jicho hili?" Nikasema, "Kwangu." Karimi alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka, lakini maji yalinyamaza kidogo kwenye beseni.

Jumatatu nilikwenda Makutano kuchora ng'ombe wa ile bucha, na nilimchukua Kendi. Nilimkalisha kwenye gunia, nikampa magome yake, nikapanda ngazi. Mwenye bucha alipotoka nikashuka, brashi bado mkononi, nikamwambia, "Siku ile nilikudanganya. Huyu ni binti yangu." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yeye alifuta kisu chake kwenye aproni akasema, "Nilijua. Ana masikio yako." Akarudi ndani kukata nyama. Nilibaki nimesimama pale barabarani. Nilikuwa nimemkana mtoto wangu mbele ya mtu ambaye hata hakuhitaji kudanganywa. Nyumbani nilimweleza Karimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukanyaga cherehani. "Baba Kendi," akasema baadaye, "nipitishie ule uzi wa bluu."

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo watu wa mazikoni hawakulijua. Julai nilikuwa juu ya ngazi nikipaka kuta za kinu, na Mwalimu na Karimi walikuwa chini yangu wakimenya viazi. Nadhani walisahau kwamba nipo. Karimi alimuuliza kama ana watoto. Mwalimu alisema hana. Kisha, baada ya viazi viwili vitatu, akasema, "Nilikuwa na dada mdogo." Alisema dada huyo alikuwa kama Kendi, na kwamba nyumbani kwao Embu alikaa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilipigiliwa mbao. Wazazi hawakuwa watu wabaya. Walimpa chakula kizuri, walimvalisha vizuri, lakini hakuna aliyemwona. Wageni wakija, hasa watu wa kanisa, na dada akaanza kupiga kelele kule nyuma, watoto waliambiwa waimbe ili asisikike. "Mimi ndiye nilikuwa na sauti nzuri," Mwalimu akasema. "Mimi ndiye niliongoza wimbo. Akipandisha sauti, nami napandisha. Wageni wakanisifu sana. Alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, na wengine wao walikuja matangani wakauliza, kwani mlikuwa na msichana mwingine?" Karimi hakusema pole. Alijua sheria. Alisema tu, "Alikuwa anaitwa nani?" Na Mwalimu, mwanamke aliyeweza kumtoa mtu mzima nje kama mwanafunzi, akaweka kisu chini akafunika uso kwa mikono yenye wanga wa viazi. "Igoki," akasema. "Aliitwa Igoki."

Kwa hiyo Septemba, kamati ya lile kanisa lenye chumba ilipokuja, mimi na Karimi pekee ndio tuliojua ni kidonda gani kinaguswa. Mwenyekiti wao alikuwa karani mstaafu, mtu wa adabu, kofia mkononi. Alisema wanaandaa siku ya mavuno na kutakuwa na mgeni wa heshima. Wangependa watoto wetu waketi viti vya mbele. Watashonewa fulana nyeupe. Mwalimu akafurahi kwanza, maana watoto walikuwa wameanza kutengeneza mchezo wao mdogo na alidhani wanaalikwa kuucheza.

"Hapana, hapana, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Hao hawawezi kucheza mbele ya mgeni, wataaibika bure. Wao waketi tu. Mgeni akiwaona, moyo wake utaguswa, achangie."

"Waketi tu."

"Ndiyo. Kwaya itakuwa inaimba."

"Na wakipiga kelele?"

Mwenyekiti akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali rahisi. "Kwaya itaongeza sauti."

Nilimwona Mwalimu akigeuka rangi. Alitoa funguo za kinu kwenye mfuko wa koti lake, akazishikilia hewani kati yao. "Watoto hawa si sanduku la sadaka," akasema. "Chukua chumba chako."

"Mwalimu, hakuna aliyesema mtoke."

"Mimi ndiye nimesema. Shika."

Mzee wa watu alishika. Akatazama funguo, akatutazama sisi, akavaa kofia akaondoka na wenzake, na sisi tukabaki na sufuria za chakula zikichemka ndani ya nyumba isiyo yetu tena. Na hapo ndipo kelele zilipoanza. Mama Purity alisimama, sweta na yote. "Mwalimu, umewapa funguo zetu bila kutuuliza! Mimi natoka Timau saa kumi na moja asubuhi kwa baridi ile, napanda gari na huyu mtoto, watu wananiangalia mpaka Meru. Hapa ndipo mahali pekee sijaangaliwa. Fulana nyeupe ni nini? Si tungewavalisha tu?" Wengine wakaitikia. Walikuwa na haki. Mwalimu aliwasikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akasema, "Nimekosa kutowauliza. Hilo nimekosa na naomba msamaha. Kukataa sijakosa." Familia mbili zilisema zitaenda kuvaa fulana, na sikuwalaumu wakati huo wala siwalaumu leo. Mtu aliyechoka huketi penye kiti. Ndipo Karimi, ambaye hakuwahi kuzungumza mbele ya watu hata harusini kwake, akasema kutoka kwenye kona ya vikombe: "Mimi nimeketi nje ya kanisa tangu Februari. Wakinipa kiti cha mbele ili mgeni amlilie mtoto wangu, bado niko nje. Kendi amefanya kazi miezi mitano. Ana kitu cha kuonyesha. Mimi nitamtoa akionyeshe, hata kama ni barabarani."

Hivyo ndivyo tulivyoishia sokoni. Nkatha wa ndizi ndiye aliyetupa nafasi. Alizungumza na akina mama wa mboga, wakasogeza mafungu yao wakaacha uwanja mdogo katikati, karibu na wauza vitunguu. Tulichagua Jumamosi, siku ambayo soko limejaa. Kazi yangu ilikuwa bango. Niliandika kwa herufi nyekundu, kubwa kuliko nilizowahi kumwandikia mteja yeyote: WATOTO WETU WANACHEZA LEO. USIPIGE MAKOFI, PUNGA MKONO. Makofi yaliwaumiza masikio watoto kadhaa, Kendi akiwemo, na Mwalimu alisema kama soko linaweza kujifunza bei mpya ya nyanya kila asubuhi, linaweza kujifunza kupunga.

Mchezo ulikuwa asubuhi moja ya nyumbani, basi. Purity alikuwa redio. Watoto wawili walipiga ngoma polepole, kama watu wanaoamka. Kendi alikuwa jua: kazi yake ilikuwa kutundika nyuzi zake za magome kwenye kamba, kuanzia zile nyeusi kwenda kwenye nyeupe, mpaka kuwe kumekucha, na wenzake wangepita kati ya nyuzi hizo kuingia siku mpya. Purity alianza vizuri sana, "Hamjambo wasikilizaji," kisha akasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu, na soko likacheka, na Mwalimu akamwacha aendelee kwa sababu, alisema, kila asubuhi kuna aliyekufa. Watu walikuwa wamejaa. Wenye mikokoteni walisimama. Kendi alitundika nyeusi zote, akatundika kahawa, akafika kwenye chai ya rangi, na hapo pikipiki ikafyatua moshi barabarani kwa kishindo.

Alianguka chini. Alijikunja kwenye vumbi, mikono masikioni, akalia kile kilio kinachopasua. Ngoma zikasimama. Nilisikia mtu akisema, "Ana pepo huyo," na mwanamume mmoja akapaza sauti, "Mwombeeni! Mwombeeni mtoto!" Najua nilikuwa nimevaa suti yangu ya harusi, maana Karimi alikuwa ameipiga pasi. Najua wateja wangu nusu walikuwa pale. Nilijua pia, bila shaka yoyote, kwamba nikimnyanyua nikaondoka naye, hakuna atakayenilaumu. Nililala chini. Nililala kwenye vumbi la soko kando ya binti yangu, uso kwa uso, sikumgusa kwa sababu hakutaka kuguswa. Kutoka kule chini niliona miguu: gambuti, patipati, viatu vya shule, kwato za punda. Nilisikia harufu ya vitunguu. Na juu yangu nikasikia sauti ya Mwalimu, wala si ya kupaza. "Hakuna anayeombewa hapa. Amechoka. Kwani ninyi hamchoki? Subirini."

Wakasubiri. Hilo ndilo ambalo sijaweza kumweleza mtu akaelewa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Hakuna aliyeimba ili kumfunika. Kilio chake kilisikika chote, mpaka mwisho wake, kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa ile sauti ndogo ya kuni mbichi. Watu mia na zaidi, wenye mizigo, wenye haraka, walisimama wakasubiri msichana wa miaka sita amalize. Kisha Kendi akaketi, akaokota nyuzi zake moja moja, akapuliza vumbi, akazipanga upya. Akasimama. Akatundika chai ya rangi, akatundika chai ya maziwa, akatundika maziwa, akatundika nyeupe. Watoto wakapita katikati. Na nilipoinua kichwa, nikaona mikono. Mikono, leso, mafungu ya sukuma wiki, kofia, gazeti, vyote vinapungwa juu kimyakimya. Mama mmoja alikuwa anapunga kabeji nzima. Mwalimu Wawira alisimama katikati amejishika kiuno, machozi yanatiririka mpaka kwenye kola ya lile koti la kiume, na uso wake haukuwa uso wa huruma hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Watu hupenda nimalizie kwa kusema kwamba mwenyekiti alikuja kuomba msamaha. Hakuja. Kinu kilifanywa stoo ya viti na bado ni stoo ya viti. Hupenda pia kuuliza kama Kendi alipona. Ana miaka ishirini na moja, hasemi, hutengeneza mikeka ya migomba ambayo watu huagiza kutoka mbali, na asubuhi hii alininyang'anya kikombe changu kwa sababu nilikiweka penye chake. Sijui apone nini. Karimi hakurudi kwenye benchi. Alisema Mungu anajua nyumba yetu ilipo. Na Nkatha alitupa stoo yake ya ndizi, chumba cha mawe kisicho na dirisha, na kazi ya kwanza tuliyoifanya pale, kabla hata ya kuleta sufuria, ilikuwa kumwita fundi atoboe ukuta mahali pawili. Mwalimu alisimamia mwenyewe. Alitaka madirisha yawe makubwa, yatazame barabara.

Novemba ya mwaka ule ule, Jumamosi asubuhi, nilikuwa napaka fremu ya dirisha mojawapo alipokuja mwanamke nisiyemjua. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa ambaye miguu yake ilikaribia magoti ya mama, na uso wa mtoto ulikuwa umefunikwa shuka ingawa jua lilikuwa kali. Alisimama mbali kidogo.

"Muga," akanisalimu. "Ni hapa mnaponya watoto?"

Mwalimu alikuwa ndani. Nilisikia akimfokea mtu kuhusu chumvi. Ningeweza kumwita. Niliweka brashi juu ya mkebe. "Hapana, mama. Hatuponyi."

"Nimetoka Mitunguu. Nkatha ameniambia nije."

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia kuna mtoto alianguka sokoni, na baba yake akalala chini naye, na watu wote wanaona."

"Baba huyo ni mimi."

Alinitazama tangu viatu mpaka kichwa, rangi ya kijani mikononi, vumbi la mawe kwenye nywele. "Hukuona aibu?"

"Niliona."

"Ikaenda?"

"Bado huja," nikamwambia. "Lakini siku hizi hainizuii kuingia mahali. Karibu ndani, kuna uji."

Hakuingia mara moja. Alitazama barabara huku na huku, ilivyojaa watu wa soko. Kisha akafungua leso, akamteremsha mtoto taratibu mpaka miguu yake ikagusa ardhi, akamshika bega, na kwa mkono wa pili akavuta lile shuka. Alikuwa msichana wa kama miaka saba, macho yamekunjamana kwa mwanga. Mama yake akalikunja shuka akalitia kwapani.

"Anaitwa Kathure," akasema, kwa sauti iliyowafanya watu wawili watatu barabarani wageuke kutazama, naye akawaacha watazame.